Mteremko Ambao Mwenyekiti Hakuushuka

Nianze na ujinga wangu, kwa sababu usipousikia kwangu utausikia kwa mama, na kwa mama utakuwa mrefu zaidi. Ule uongo mtamu kuliko wote kuhusu Mwenyekiti wa steji yetu ya bodaboda, ule wa kushuka mteremko wa darajani amesimama juu ya kiti cha pikipiki, mikono ameitanua kama shati kwenye kamba, akalipita lori la majani chai na kumsalimia dereva kupitia dirishani, niliutunga mimi.

Siku hiyo nilikuwa nimefukuzwa shule nikanyolewe. Shule iko juu, karibu na soko la Kianjokoma, na kwetu ni chini, ng'ambo ya daraja. Nilikuwa nashuka pole pole, maana hakuna mtu anayekimbilia wembe. Katikati ya mteremko nikamkuta Mwenyekiti juu ya pikipiki yake, ameketi vizuri kama mama wa kanisa, breki zote mbili amezikaba, miguu yote miwili anaiburuta kwenye lami kama bata. Nyuma yake lori la majani chai linapiga honi mpaka ndege wanahama. Nikampita. Kwa miguu, na vitabu mgongoni.

Steji iko chini kabisa, kando ya kituo cha kupimia majani chai, na kuna kona inayoficha mteremko. Walioketi pale hawaoni kitu mpaka mtu atokeze. Wakaniuliza kama nimemwona Mwenyekiti, kuna mteja anamngoja. Hapo mdomo wangu ukafunguka wenyewe, kama kawaida yake.

"Mwenyekiti? Huyo si wa dunia hii! Anashuka amesimama juu ya kiti! Mikono hewani! Lori limebaki likilia, na dereva amesalimiwa kabisa!"

Nilikuwa namcheka. Mtu yeyote mwenye masikio angejua namcheka. Lakini baada ya kona barabara ni tambarare, na hapo ndipo Mwenyekiti huifungulia pikipiki mafuta yote aliyoyanyima njiani. Akatokeza akinguruma, taa zinawaka, koti la reflekta linapepea. Nyuma yake lori, na dereva ametoa mkono dirishani. Mkono ule haukuwa wa salamu, lakini ukiwa mbali mkono ni mkono. Steji ikalipuka kwa vifijo. Mwenyekiti akazima, akatuangalia bila kuelewa, mpaka mtu akamweleza. Nilijua sasa atanipiga kofi. Badala yake akaniwekea mkono begani.

"Huyu kijana alikuwepo," akasema. "Muulizeni."

Na mimi nikasema, "Nilikuwepo."

Kuanzia hapo nikawa shahidi. Shahidi anabebwa bure mpaka getini kwa shule, wenzake wakimwona. Kila niliposimulia niliongeza kitu kidogo, kama mtu anayeongeza maji kwenye chai wageni wakizidi.

Sitasema jina lake. Hata mke wake anamwita Mwenyekiti, hata mtoto wake akilia usiku analilia Mwenyekiti. Ni mtu mfupi mwenye sauti ndefu. Helmeti anaivaa kwenye kiwiko. Nafikiri ndiko anakoweka akili. Hawezi kukaa kwenye benchi kama watu. Anakaa juu ya tangi la pikipiki, mguu mmoja kwenye usukani, na kabla hajaanza kusema lazima apige mluzi ili hata wale wasiotaka wasikilize.

Ukimsikiliza, zamani alibeba miraa Maua. Anasema madereva wa zile pikapu zinazokimbiza miraa Nairobi kabla ya kupambazuka walikuwa wakimwomba atangulie awaonyeshe njia, kisha wanamkosa, wanabaki kufuata vumbi. Siku moja mzee mmoja wa Maua aliyekuja kununua mbuzi akamuuliza kwa upole:

"Kijana, ukitoka Meru mjini, kabla hujaingia Maua unapita wapi?"

"Mzee, hiyo inategemea spidi," Mwenyekiti akajibu. "Mimi sikuwa naona vibao."

Anasema pia kwamba sikukuu moja, huko Kinoru, aliuzunguka uwanja wote kwa gurudumu la nyuma peke yake, mpaka polisi wakasahau kumkamata. Anasema aliwahi kubeba mtungi wa maziwa mpaka kituo cha maziwa cha ushirika kwa kasi kiasi kwamba yalifika na joto la ng'ombe. Mwenye ng'ombe yuko hai na anakaa jirani yetu. Yeye anasema maziwa yalifika nusu, na nusu nyingine ilifika kwenye suruali ya Mwenyekiti, na mbwa wa njia nzima walimsindikiza mpaka nyumbani kwake kwa heshima zote.

Mshale wa spidi kwenye pikipiki yake umekwama kwenye mia na ishirini. Anasema siku moja uligonga hapo kwa nguvu ukakataa kurudi. Kwa hiyo hata pikipiki ikiwa imeegeshwa chini ya paa la kituo cha chai, yeye akila muhindi wa kuchoma, inakimbia mia na ishirini.

Lakini hiyo pikipiki iangalie vizuri. Tangi limefunikwa nailoni ile ile lililotoka nayo dukani. Kiti kimefunikwa nailoni. Ukikaa inalia kama unakalia mkate. Vioo vimevalishwa soksi. Jioni anaiosha kwa mswaki, mswaki wa meno, na ukimpita wakati huo hakuitikii. Nyuma, kwenye ile raba ya kuzuia matope, ameandikisha kwa rangi nyekundu: BREKI NI ZA WENYE SHAKA.

Ilinichukua muda mrefu kugundua jambo hili, na ninajiona mjinga: sarakasi zake zote anafanya na pikipiki za watu. Hajawahi kuinua gurudumu la yake. Hata mara moja. Anamwendea kijana aliyepewa pikipiki juzi, anamwambia, "Hebu lete hiyo yako nikuonyeshe vile inatakiwa kulia." Kijana anafurahi kuchaguliwa. Mwenyekiti anaizungusha hapo kituoni mpaka raba inanuka, anazima na kuwasha swichi ikitembea ili ekzosi ipige mizinga, akina mama wanarusha majani chai, watoto wanashangilia. Halafu anairudisha ikiwa na homa. Klachi imeungua, mnyororo umelegea. "Sasa imefunguka," anamwambia mwenyewe. "Ilikuwa bado imelala."

Kulikuwa na mazishi ya mwanabodaboda wa steji ya huko chini. Msafara ulikuwa mkubwa, kila pikipiki na tawi bichi mbele, honi kutoka mochari mpaka kaburini. Unajua Mwenyekiti alikuja na nini? Aliomba pikipiki ya marehemu, eti aiage kwa niaba yake. Akaiinua gurudumu la mbele mbele ya geti la wafiwa. Mjane alikuwa ameegemea mama yangu. Siku hiyo nilimwona mama akimwangalia vile anavyomwangalia kuku anayekula mayai.

Na Jumapili? Jumapili yuko kanisani, kiti cha mbele, helmeti amepakata kama mtoto wa kubatizwa. Anaomba kwa sauti kuliko mchungaji. Anawaombea vijana waache haraka za dunia.

Sasa nije kwa kaka yangu.

Nyaga si mchekeshaji. Hilo ndilo tatizo lake: ukimwambia kitu anakibeba kama kilivyo mpaka nyumbani. Alipomaliza shule mjomba akampa pikipiki ya kufanyia kazi, akajiunga na steji. Pale mgeni anakaa mkiani, anaachiwa wateja wa kubeba mbuzi na mabati, mpaka Mwenyekiti aseme amekomaa. Zamani kukomaa kulikuwa kumnunulia Mwenyekiti chai na mandazi. Baada ya uongo wangu kukawa na mtihani mpya.

"Mimi niliushuka nimesimama," aliwaambia. "Sisemi msimame. Nyinyi bado mna maziwa puani. Shukeni hata mmepiga magoti juu ya kiti. Atakayefika kona bila kugusa breki huyo ni wangu."

Nilikuwa darasani Nyaga alipojaribu. Nilisikia mlio ukishuka, nikasikia ukikatika. Alifika kona, hilo nalisema kwa sababu wengine hawalisemi. Alifika, akakuta kokoto.

Mwenyekiti ndiye aliyempeleka hospitali. Siwezi kumnyima hilo. Waliokuwepo wanasema alikimbia wa kwanza, akawafokea waliokuwa wakipiga picha, akawaonyesha jinsi ya kuufunga mguu kwa mbao za kreti. Akaileta pikipiki yake mwenyewe, ile ya nailoni. Lakini kabla kaka yangu hajapakiwa, akasema ngojeni. Akaenda kituo cha chai, akarudi na gunia, akalitandika juu ya kiti. Halafu akalikunja vizuri pembeni, ili damu isifike kwenye nailoni. Kaka yangu akiwa chini, paja limevunjika, analia kama mtoto, yeye anakunja gunia.

Aliendesha pole pole sana njia nzima. Daktari alisema hiyo ilisaidia mguu. Mimi nasema alikuwa anaogopa matuta.

Wodini alikuja na soda, akakaa juu ya kitanda, akamwambia Nyaga: "Kosa lako uliangalia chini. Mimi siku ile niliangalia mbali."

Nyaga akaitikia kwa kichwa. Aliitikia! Wakamtia chuma ndani ya paja, akarudi nyumbani na magongo, akawa anakaa nje ya jiko akiwaangalia kuku. Nilifikiri anawaza maumivu. Jioni moja akaniambia bila kuniangalia:

"Mguu ukipona nitashuka tena."

"Wapi?"

"Unajua wapi. Yeye aliweza. Mimi niliangalia chini tu. Safari hii nitaangalia mbali."

Nikamwambia hapo hapo: Nyaga, hakushuka, ni mimi nilitunga, alikuwa anaburuta miguu kama bata. Akaniangalia kwa huruma, akaniambia maneno ambayo siwezi kuyasahau.

"Wiki jana uliniambia ng'ombe wetu ameitwa kazi ya polisi. Juzi ukaniambia chifu ameokoka. Nikuamini lini, na niache kukuamini lini?"

Basi nikajua kuna mtu mmoja tu anayeweza kuuondoa uongo huo, na ni mwenye kuuvaa. Nikamwendea Mwenyekiti akiwa peke yake, anapaka mnyororo mafuta.

"Mwenyekiti, mwambie Nyaga ukweli."

"Ukweli gani, shahidi wangu?"

"Kwamba hukusimama. Kwamba ulikuwa umekaa, na mimi nilikuwa nakucheka."

Akaacha kupaka. Nilitaka akasirike, mtu akikasirika unajua umemgusa. Hakukasirika. Akaniangalia kama mwalimu anayemwangalia mtoto aliyesahau hesabu ya jana.

"Wewe ulikuwa mdogo wakati huo."

"Ilikuwa mwaka jana!"

"Upepo ulikuwa unatoka mlimani," akasema, na macho yake yakaenda kule juu. "Baridi hapa kifuani. Nilipomsalimia yule dereva alicheka, nikaona ana jino la dhahabu."

Kulipita lori niliweka mimi. Mikono niliweka mimi. Lile jino sikuliweka. Lilikuwa lake, ameliweka mwenyewe, na aliliona linang'aa. Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia wakati ule, na sijawahi kumwogopa mtu hivyo.

Nikabaki na mama. Nilimkuta anachambua maharagwe. Nikamwambia yote, kuanzia nywele mpaka jino, huku nikiangalia mwiko ulipo. Hakuugusa. Akauliza swali moja tu.

"Siku hiyo alikuwa na pikipiki ya nani?"

"Yake. Ile ya nailoni."

"Ya nailoni," akasema mama, na akatupa haragwe bovu. "Basi hata ungeniapia asingekuwa amesimama. Yake hawezi kuiumiza. Ni za watoto wa watu anazoumiza."

Siku ya kupima majani steji ilikuwa imejaa. Mama akamaliza kupima, akabeba kikapu kitupu mgongoni. Nyaga alikuwa ameketi kwenye benchi na magongo yake, maana mama alikuwa amemwambia aje apate jua, kana kwamba nyumbani hakuna jua. Mama huongea Kiembu. Kiswahili hukitoa akitaka watu wote wasikie.

"Mwenyekiti, nipandishe sokoni halafu unishushe."

"Mama Nyaga! Karibu. Na una nini cha kushusha?"

"Mimi mwenyewe. Nataka kushuka kama siku ile. Mimi nitakaa, wewe simama."

Steji ikacheka. Mwenyekiti akacheka pia, akanyoosha mkono kwa kijana aliyekuwa karibu. "Hebu lete hiyo yako."

"Hapana," akasema mama. "Hiyo sijui imelelewa vipi. Nataka yako."

"Mama, leo barabara ina kokoto."

"Mwanangu alizikuta. Siku ile yako hazikuwepo?"

"Sasa, mgongo, unajua, tangu juzi..."

"Basi kaa. Kaa lakini kasi iwe ile ile."

"Na breki nazo, Mama Nyaga, si nzuri sana kwa sasa, nilikuwa nangoja fundi..."

Mama akainama, akasoma ile raba ya matope herufi moja moja, na kidole, kama mtu anayesoma Biblia. "Breki. Ni. Za. Wenye. Shaka." Akainuka. "Una shaka?"

Hakuna aliyecheka sasa. Walikuwa wanamngoja. Nyaga alikuwa amekaza macho kwake, na nikaona shingo ya kaka yangu imenyooka kama ya mtu anayesikiliza jina lake likisomwa. Mwenyekiti akavaa helmeti. Kichwani. Sijawahi kuiona hapo.

Walipopanda, sisi wote tukakimbilia ukingo wa juu ya kona, ambako mteremko unaonekana wote. Vijana wawili wakambeba Nyaga, magongo nikabeba mimi. Tukangoja. Ndipo wakatokeza kule juu: yeye mbele, mama nyuma amekaa upande, kikapu mgongoni, mkono mmoja umeshika kitambaa cha kichwa, tayari kwa upepo.

Upepo haukuja.

Alikuwa amezikaba breki zote mbili. Miguu ikashuka chini, wa kushoto, wa kulia, ikaanza kuburuta lami. Mtoto mmoja aliyekuwa anaendesha ringi ya baiskeli kwa kijiti akawapita, akasimama, akawangoja, akachoka, akaenda. Mama akaachia kitambaa. Baadaye kidogo nikamwona anachuma kitu kwenye ua wa mtu, nafikiri ni mboga ya kienyeji, bila kushuka kwenye pikipiki. Vijana wa steji walikuwa wameanguka kwenye nyasi, wanashika mbavu. Mwingine analia, "Mwenyekiti, angalia mbali! Angalia mbali!"

Nyaga hakucheka.

"Siku ile alikuwa hivi?" akaniuliza.

"Siku ile alikuwa na haraka kidogo."

Akaangalia ule mguu wenye chuma. Akaugusa kwa ncha ya kidole, juu ya goti, kama mtu anayeulizia bei ya kitu alichokwisha nunua. Kisha akaniomba magongo yake, akashuka ukingo peke yake, akakataa kubebwa.

Tukafika steji kabla yao. Walipotokeza konani, pale barabara inapokuwa tambarare, nikamwona Mwenyekiti anajiandaa kuifungulia mafuta ili aingie akinguruma kama kawaida. Nikaona pia mkono wa mama ukipanda na kumshika sikio, chini ya helmeti, bila kuvuta, umelishika tu. Wakaja hivyo hivyo, taratibu, mshale ukisoma mia na ishirini, mpaka mbele ya benchi. Mwenyekiti akazima. Alikuwa ametoa jasho mpaka nailoni imeganda kwenye suruali. Alimwangalia kila mtu isipokuwa Nyaga, akafungua mdomo, na mluzi haukutoka.

Mama akashuka. Akanyoosha sketi. Akavua kikapu mgongoni, ndani kuna ile mboga, akakiweka chini mbele yangu, halafu akamgeukia kaka yangu.

"Nyaga," akasema, "hicho ndicho ulichovunjia mguu. Na wewe, shahidi, beba kikapu."